Nani Mwenye Swali? Viwanja vya Majaribio vya Mataifa, Vikitazamwa Kutoka Rungwe

Katika istilahi za mafundi wa zama hizi, uwanja wa majaribio wa pamoja ni mahali palipotandazwa vyombo vyenye kuhisi, kupima na kupashana habari bila ya mkono wa mtu kuvigusa, ambapo wataalamu wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwa zamu yake na kwa haja yake, huruhusiwa kujaribu kihisi kipya, programu mpya au njia mpya ya kusafirisha habari, kisha wakalinganisha walichokipata kwa kipimo kimoja. Mji wa Santander, ulio pwani ya kaskazini ya Uhispania, ulifanywa uwanja wa namna hiyo tangu mwaka 2010 kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Maelfu ya vihisi vilifungwa katika nguzo za taa, katika maegesho ya magari na katika bustani, na mtafiti aliyekaa mbali na mji ule akaweza kufanya majaribio yake kwa intaneti. Kwa mfano huo wengi wameingiwa na dhana kwamba viwanja hivi ni mambo ya miji yenye umeme usiokatika, na kwamba wilaya ya milimani kama Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, haina budi kusubiri hata matunda ya majaribio ya wengine yaive na kuletwa katika maboksi. Dhana hii haina insafu, wala haina ukweli.

Chombo hakijaribiwi mahali kinapostarehe. Mwenye kutoka Uyole akielekea Tukuyu huuacha Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, mkono wake wa kushoto, na Ngozi yenye ziwa ndani ya kasoko mkono wake wa kulia, naye katika mwendo mfupi wa gari hupita penye viazi, penye chai na penye migomba, na akiendelea kushuka hadi Kyela hufika penye mpunga na kakao. Mvua katika nchi hii hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Aghalabu huanza Novemba isikome ila Mei, na hata ikikoma, ukungu na manyunyu ya majira ya baridi huja kushika zamu. Fundi aliyebuni sola yake chini ya jua la Arizona atajua hapa, kwa muda usiofika mwezi, kama betri yake ina uvumilivu au haina.

Tuchukue chombo kimoja tu, kipima mvua cha kujiendesha, tukitazame kwa karibu. Chini ya faneli yake kuna vijiko viwili vidogo vilivyopachikwa mithili ya bembea: kimoja kikijaa maji huinama na kumwaga, mwenziwe akapanda kupokea, na kila mwinamo huhesabiwa kuwa sehemu ya milimita, mathalan 0.2. Buibui akijenga ndani ya faneli ile, au ua la mti likiziba tundu lake, mvua ya usiku kucha huandikwa kuwa manyunyu, na seva iliyo ng'ambo, ambayo haikuloa, huyapokea manyunyu yale kwa imani kamili. Kadhalika mawimbi ya redio, ambayo vihisi hutumia kusemezana, hudhoofika yanapopenya majani mapana yaliyolowa. Basi umbali ulioandikwa katika kijitabu cha chombo huwa ni umbali wa uwanda mkavu, wala si wa bondeni Kiwira penye migomba iliyofungamana. Jambo hili lilidhihirika kwa namna nyingine katika programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotungwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ili itambue magonjwa ya mihogo kwa kutazama majani, na iliyofundishwa kwa picha zilizopigwa katika mashamba ya mwambao wa Tanzania: ilipotoka katika picha za mafunzo na kupelekwa shambani mikononi mwa watu, uwezo wake ulishuka, hasa pale dalili za ugonjwa zilipokuwa hafifu. Hakuna aibu katika kushuka huko. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa uwanja wa majaribio.

Rungwe, basi, inafaa. Suala gumu ni masharti ya kufaa huko, kwa maana wilaya hii imekwisha kuwa uwanja wa wengine kwa miaka mingi kabla ya vihisi kuzaliwa. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa mila, Godfrey na Monica Wilson, walikaa kati ya Wanyakyusa wakaandika vitabu ambavyo hata leo vinasomwa katika vyuo vya dunia. Na nyuma ya vitabu vile alikuwako karani Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, aliyezaliwa 1910 na kufariki dunia 1938, aliyewaandikia, aliyewafasiria na kuwafungulia milango ambayo mgeni peke yake asingeifungua. Ilichukua zaidi ya miaka 70 tangu kifo chake, hadi 2013, kitabu kimoja cha historia ya elimu hiyo kilipompa sura yake mwenyewe. Namtaja hapa kwa sababu kila mradi wa vihisi una Mwaisumo wake: mlinzi wa shule anayefuta vumbi la sola, mwalimu wa fizikia anayepanda kwenye nguzo, fundi wa simu wa mjini aliyeitwa kuunga waya uliotafunwa na panya. Majina yao hayamo katika makala, na mara nyingi hayamo hata katika bajeti.

Baada ya mila yakafuata maji na miamba. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Ufaransa, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoboa matope ya chini ya Ziwa Masoko, ambalo wenyeji huliita Kisiba, wakatoa mhimili wa udongo wa karibu mita 39, na ndani yake wakasoma kwa chavua na kwa chembe za sumaku habari za ukavu na unyevu wa miaka ipatayo 45,000. Ziwa lile ni kasoko la volkano lisilo na mto mkubwa wa kuliingia, hivyo lenyewe ni kipima mvua kilichoundwa na Mola, na wataalamu walipima juu yake mvua, upepo na joto ili wapate kuelewa kilichoandikwa chini yake. Kisha, baina ya 2013 na 2015, mradi ulioitwa SEGMeNT, uliounganisha vyuo kadhaa vya Marekani na idara za jiolojia za Tanzania na Malawi, ukatandaza vipima tetemeko zaidi ya 50 kuanzia milima ya Rungwe hadi kandokando ya Ziwa Nyasa, vingine vikazamishwa ziwani, na meli ya mizigo ikageuzwa kuwa chombo cha elimu. Mitetemeko ya Karonga, Malawi, ya Desemba 2009, iliyotokea ng'ambo ya pili ya mto Songwe bila ya kutarajiwa, ilikuwa imewakumbusha watu kwamba Bonde la Ufa bado linapanuka. Vipimo vikaonyesha kuwa mawimbi ya ardhini hupungua kasi yanapopita chini ya Rungwe, alama ya joto kubwa lililoko huko.

Kwa ada ya miradi ya namna hii, vipimo vile viliwekwa katika hazina iliyo wazi huko Marekani, na mtu yeyote duniani anaweza kuvichukua bila malipo. Mimi nasifu uwazi huo bila kusita, na papo hapo nauliza: wazi kwa nani? Data ya tetemeko huhitaji programu, kompyuta yenye nguvu, intaneti isiyokatika na mtu aliyesomea miaka mingi. Penye upungufu wa hivyo vinne, mlango ulio wazi hauna tofauti kubwa na ukuta. Vyombo navyo, muda wa mradi ulipokwisha, vilifungwa vikaondoka, kama ilivyokubaliwa tangu mwanzo, wala hapakuwa na udanganyifu. Ila mlima haukuondoka, nalo swali la mtu wa Tukuyu, yaani kama kesho kutatokea tetemeko na nani atampasha habari, halikuwa swali la mradi.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti kati ya uwanja wa pamoja na uwanja wa kukodi. Wengi huipima kwa vyombo, vya nani na vya bei gani. Wengine kwa fedha. Wengine kwa kuhesabu majina ya Waafrika katika makala. Mimi naipima kwa jambo moja: je, mwenyeji ana uwezo wa kulibadili swali? Mwenye uwezo huo, hata akiwa maskini wa vyombo, ni mshirika. Asiyekuwa nao ni mwenye kiwanja tu, na malipo yake ni shukrani.

Kipimo hiki si cha kuwaziwa tu, kwani Rungwe yenyewe ina mfano wake, ingawa haukuanza na waya wala redio. Taasisi ya IITA na shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, walizalisha migomba chotara iliyopewa jina la NARITA, yenye kustahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani, na migomba hiyo ikapandwa kwa mpango mmoja katika vituo vya nchi mbili, Kawanda na Mbarara upande wa Uganda, Maruku, Lyamungo na Mitalula upande wa Tanzania. Mitalula imo Rungwe. Hapana shaka kwamba huo ulikuwa uwanja wa majaribio wa pamoja kwa maana kamili: miche ile ile, vipimo vile vile, mbingu tofauti, na data ikawekwa katika hifadhidata ya umma ambamo mtaalamu wa Kampala na wa Arusha husoma safu moja. Lakini migomba ilipopelekwa katika mashamba ya wakulima wenyewe, swali liligeuka. Mzalishaji wa mbegu alikuja na swali la uzito wa mkungu na afya ya jani. Mkulima naye ana maswali ya ladha, ya ulaini, ya rangi baada ya kupikwa, na ya bei ambayo mchuuzi wa Dar es Salaam atakubali kuitoa kwa mkungu wa umbo lile. Mgomba usiofaa kwa mbalaga, chakula cha ndizi cha wenyeji, hauna maisha Rungwe, uwe na uzito gani. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne, TARIBAN1 hadi TARIBAN4, na sauti ya ulimi ilikuwa imekwisha ingia katika hesabu pamoja na sauti ya mizani.

Twende sasa kwenye vyombo vyenyewe vilivyounganishwa, na hapa Afrika Mashariki imejaribu njia mbili ambazo zastahili kuwekwa bega kwa bega. Njia ya kwanza ni ya TAHMO, mpango uliobuniwa na Nick van de Giesen wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, na John Selker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, ambao muradi wake ni kuweka vituo 20,000 vya hali ya hewa kusini mwa Sahara, kimoja kila kilomita 30 au zaidi kidogo. Shughuli zake huendeshwa kutoka Nairobi, na vituo vingi huwekwa katika viwanja vya shule, ili penye walimu pasikose mlinzi wala mtumiaji. Chombo chake ni cha kiwandani, kimefungwa, hakina sehemu ya kuzunguka, na badala ya vijiko vya kuinama hupima mvua kwa kuyafanya maji yaanguke tone kwa tone kati ya ncha mbili za dhahabu, kila tone likahesabiwa kwa umeme. Ni kazi ya ustadi. Kikiziba husafishwa, kikiharibika hasa, hubadilishwa kizima.

Njia ya pili ni ya mradi wa WIMEA-ICT, ulioanza 2013 kwa fedha za Norway, ukaviunganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, kwa kusudio la vituo 70 katika Uganda, Tanzania na Sudan Kusini. Hawa walichagua kukiunda chombo wenyewe. Kituo chao kiligawanywa katika sehemu zinazosemezana kwa redio: moja juu ya nguzo ya mita 10 kwa ajili ya upepo, nyingine mita 2 kwa joto na unyevu, nyingine ardhini kwa mvua na udongo, na lango moja la kupeleka habari kwenye mtandao, na kwa mpango huo sehemu moja ikifa, nyingine huendelea kusema. Chombo cha kwanza kilikuwa na ila, kikarekebishwa; cha pili kikarekebishwa tena; na ulaji wa umeme wa lile lango ukawa mtihani wa muda mrefu. Kwa mizani ya usahihi na haraka, njia ya TAHMO inashinda, wala sioni sababu ya kuficha hilo kwa uzalendo. Kwa mizani yangu ya swali, njia ya pili imekwenda mbali zaidi, maana kijana wa Dar es Salaam aliyeuunga mzunguko wa umeme kwa mkono wake na kuuona ukishindwa, amejipatia swali ambalo hakuletewa na mtu, na siku ya kukaa mezani na wenzake wa Bergen atalitia mezani. Laiti njia hizi mbili zingekutana katika kiwanja kimoja, chombo kilichofungwa kikisimama kando ya chombo kinachofunguka na kusahihishana chini ya mvua ya Tukuyu, nadhani pangepatikana elimu ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipata peke yake.

Katika mambo ya njia za mawasiliano sitakawia, kwa kuwa hali si mbaya kama inavyosemwa. Mkongo wa taifa unavuka kuingia Malawi pale Kasumulu, mpakani mwa Kyela. Mtandao wa vyuo vya Tanzania, TERNET, ni mwanachama wa UbuntuNet, muungano wa mitandao ya utafiti wa mashariki na kusini mwa Afrika ambao umeunganishwa na mtandao wa vyuo vya Ulaya, na makao yake yako Lilongwe, mji ambao kwa barabara uko karibu na Tukuyu kuliko ulivyo Dar es Salaam. Lililobaki ni kilomita chache za mwisho, kutoka mkongo hadi shule ya kata, na kilomita hizo kila mtu hudhani ni kazi ya mwenziwe.

Sheria nazo zipo, na mgeni atakayezidharau atajuta. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, ndiyo itoayo kibali cha utafiti. Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya 2019 yataka kibali kwa mwenye kuanzisha kituo cha hali ya hewa. Na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 imeweka masharti juu ya taarifa za watu kupelekwa nje ya nchi. Kihisi cha mvua hakina siri ya mtu. Lakini simu ya mkulima inayotuma picha ya jani hutuma pia mahali aliposimama na saa aliyosimama, na mizani ya kituo cha kununulia chai, ikiunganishwa, hujua kipato cha kaya kabla ya mke wa nyumba hiyo kukijua. Ingefaa wenye kuandika mikataba ya ushirikiano watenge vitu hivi viwili tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa uwazi unaofaa kwa mvua haufai kwa mfuko wa mtu.

Sasa, wenyeji wa Rungwe wangepewa kalamu ya kuandika swali, wangeuliza nini? Siwezi kuwasemea wote, ila mwenye kusimama penye kibanda cha kuuzia majani ya chai upande wa Katumba siku ya mavuno hupata fununu. Majani yakichumwa huanza kunyauka, na yakishindiliwa katika magunia hupata joto na kuungua kabla ya kufika kiwandani, ubora ukaanguka na bei ikaanguka nao. Mchumaji huchuma alfajiri, huleta, hupimiwa, kisha jambo zima huwa mikononi mwa gari la majani na barabara ya udongo mwekundu ambayo kwa mvua ya Aprili huwa utelezi mtupu. Swali lake halihusu tabianchi ya mwaka 2050. Anataka kujua gari liko wapi, barabara ya kwao inapitika au haipitiki leo, na achume kiasi gani asije akatupa. Kihisi cha joto ndani ya gunia, kingine cha unyevu wa barabara penye mteremko, kifuatilia-mwendo katika gari, na ujumbe wa maneno katika simu ya kitochi: hakuna hata kimoja humo ambacho hakijulikani, ila kuvifanya vifanye kazi pamoja katika ukungu, kwa lugha ya mchumaji na kwa gharama atakayoimudu ushirika wake, ni utafiti unaotosha kuwashughulisha vyuo vitatu. Jibu lake lingesomwa kwa makini na wakulima wa Kericho na wa Thyolo, ambao majani yao huungua kwa namna ile ile.

Na papo hapo bajeti ya mradi kama huo yafaa ichunguzwe kwa jicho kali penye mstari ambao hupuuzwa kuliko yote. Kila kituo kina laini ya simu ndani yake, na laini huhitaji bando. Wafadhili hulipa vyombo kwa furaha, hulipa safari na semina, hulipa hata nembo; lakini mwezi wa kwanza baada ya mradi kufungwa, laini zile hunyamaza mojamoja, na kwenye ramani iliyoko Ulaya kila kituo hugeuka nukta ya kijivu, ikadhaniwa kuwa chombo kimekufa. Gharama ya kulizuia hilo ni ndogo mno ukilinganisha na nauli ya mjumbe mmoja wa kuja kuuliza sababu. Halmashauri, shule, ushirika wa wakulima au kiwanda, mmoja wao aandikwe tangu mwanzo kuwa mlipaji, apewe na haki inayoendana na malipo hayo, yaani kuamua ni kihisi gani kizimwe, kipi kihamishwe, na kipi kipime kitu kingine kabisa.